Sisimizi wakubwa weusi wanapotea nikihamisha vichanja vya dagaa, hivi wanakumbuka njia kwa macho?

MamaKulwa_Igombe

Mwangaluka wana jukwaa. Naomba mnisaidie, kuna jambo linanizunguka kichwani wiki ya pili sasa. Muda wa kulifuatilia ninao, maana hizi ni siku za mbalamwezi, mitumbwi ya dagaa imepumzika, wavuvi wako majumbani wanashona nyavu na sisi wa kuanika hatuna kazi zaidi ya kugeuza mabaki.

Mimi naanika huku Igombe, Mwanza, pembeni ya jiwe moja kubwa la mawe yetu haya. Chini ya hilo jiwe kuna tundu la sisimizi. Si wale wadogo wa kwenye sukari wanaotembea msafara, hapana, hawa ni wakubwa, weusi tii, miguu mirefu, wanakimbia, na kila mmoja anatembea peke yake. Anatoka kwenye tundu anakuja mpaka chini ya kichanja anaokota kichwa cha dagaa au kipande kilichodondoka, anageuka anarudi nacho. Nimepima kwa hatua zangu ni kama hatua 12 kutoka tundu mpaka kichanja cha kwanza. Na wakirudi wanarudi moja kwa moja kama uzi uliovutwa, mpaka nilikuwa nawasifia.

Sasa Jumanne iliyopita tulihamisha vichanja viwili vya mwisho maana mirunda ilikuwa imeoza, tukavipeleka upande wa pili karibu na maji, na pale vilipokuwa tukapanga viroba na kufunika kwa turubai la bluu, rundo refu kunipita mimi. Tundu hatukuligusa, jiwe ndo kabisa, na ile sehemu wanayopita hakuna aliyeikanyaga maana iko ng'ambo ya pili ya vile vichanja. Jioni naangalia, wamechanganyikiwa. Mtu amebeba chakula chake mdomoni anaenda, anasimama, anazunguka, anarudi alikotoka, anazunguka tena. Mmoja alipita pembeni ya tundu lake umbali wa kiganja tu akaendelea zake kama vile halioni.

Alafu kuna kitu kingine nilikiona siku ileile na ndo kilinifanya nikae chini kabisa. Mmoja alipata dagaa mzima, mkubwa kumzidi yeye, kumnyanyua hawezi, kwa hiyo anamvuta kinyumenyume, tumbo lake linatangulia na uso uko kwa dagaa. Sasa akivuta kidogo, urefu wa mkono hivi, anamwachia, anageuka anatazama mbele anakokwenda, anatulia kidogo sana, kichwa kinaenda kulia kinaenda kushoto, anarudi anamshika dagaa palepale alipomwachia anaendelea kuvuta, ila safari hii amepinda kidogo, amerekebisha. Nimemhesabia mara saba mpaka anafika. Kama mama aliyebeba mtungi mzito anautua kwanza aone njia inapokwenda.

Swali langu, huyu mdudu anaangalia nini? Anakumbuka mahali kwa macho kama sisi? Maana mimi nimekua naambiwa sisimizi ni harufu tu.

---

Ngosha_Sengerema

Mwangaluka mayu. Kwa ninavyojua mimi ni harufu, na ushahidi ni siafu. Siafu wale watembeao msafara hawana macho kabisa, ukimshika ukamwangalia vizuri kichwa ni laini tu, na bado wanakwenda usiku wanaingia banda la kuku wanarudi kwao hakuna anayepotea. Hata sisi tukiwa watoto tulikuwa tunapitisha kidole kukata mstari wa sisimizi ukutani, wote wanasimama pale kwenye alama ya kidole wanahangaika mpaka mmoja avuke ndo wengine wafuate. Sasa macho yanahusikaje hapo? Mlipohamisha vile vichanja kuna maji ya dagaa yalimwagika, kuna vumbi lilitifuka, harufu yao ikafunikwa, basi. Hayo ya kugeuka na kuangalia mbele labda alikuwa anapumzika tu mzigo mzito mayu.

---

MwlBios_Nyegezi

Shikamoo mama Kulwa. Nimesoma swali lako mara mbili maana ulichokiona kwenye yule anayevuta dagaa ni kitu ambacho watafiti wamekiandikia makala nzima, na wewe umekiona hapo mwaloni, mitumbwi inapotua, bila kifaa chochote zaidi ya macho na subira.

Nianze na Ngosha kwanza maana hajakosea. Siafu wafanyakazi ni vipofu kweli, wanaishi kwa harufu wanayoiweka ardhini, inaitwa feromoni, na wale wadogo wa msafara nao wanategemea sana harufu, ndo maana kidole chako kiliwakata. Lakini sisimizi si mdudu mmoja, kuna aina zaidi ya 10,000, na hawa wanaotoka mmojammoja kwenda mbali kutafuta chakula wakati wa jua kali kazi yao ni nyingine. Mdudu aliyekufa kwa joto, ambaye ndo chakula chao, leo yuko hapa, kesho hayupo, njia ya harufu kwenda pale ina faida gani? Kwa hiyo wengi wa aina hiyo wanatumia macho, na wanatumia kwa namna mbili tatu kwa pamoja.

Namna ya kwanza ni hesabu. Kule Tunisia kuna sisimizi wa jangwani anaitwa Cataglyphis. Mtafiti Rüdiger Wehner wa Chuo Kikuu cha Zurich alikwenda kumsoma miongo na miongo. Huyu sisimizi anatoka anazunguka huku na huku anatafuta, njia imepindapinda vibaya, akipata chakula anageuka na kurudi kwa mstari ulionyooka mpaka tundu lilipo, kwenye uwanda mtupu usio na hata kijiti. Upande wa kwenda anaupata kwenye jua na kwenye mwanga wa anga, maana mwanga wa anga una mpangilio unaobadilika kutokana na jua lilipo, sisi hatuuoni ila jicho la sisimizi lina sehemu ya juu kabisa inayousoma. Daktari mmoja aliyekuwa anaishi Kairouan hukohuko Tunisia, Felix Santschi, mwaka 1911 alieleza jaribio la kukinga jua kwa kivuli na kulirudisha kwa kioo kutoka upande wa pili, sisimizi wakageuka wakafuata jua la kwenye kioo. Kioo tu!

Na umbali wanaupata kwa hatua. Hii ilionyeshwa mwaka 2006. Walichukua sisimizi waliokwenda mita 10 kufuata chakula, wengine wakawaunganishia miguu kwa nywele za nguruwe ili iwe mirefu, wengine wakawapunguza miguu, alafu wakawaachia warudi. Wenye miguu mirefu walipitiliza mpaka kama mita 15 ndo wakaanza kutafuta tundu, wenye mifupi wakaishia karibu mita 6. Hatua ni zilezile, urefu wa hatua ndo umebadilika.

Sasa hapo ndo tunafika kwako mama. Hesabu inakosea kidogokidogo na kosa linakua kadiri unavyotembea, na juu ya hapo sisi Mwanza tuko nyuzi 2 na nusu tu kusini mwa ikweta, kuna majira jua la saa sita linakaa utosini kabisa, jua la utosini halikuonyeshi upande wowote. Kwa hiyo anahitaji kitu cha kumhakikishia kuwa hapa ndipo, na hicho kitu ni sura ya mahali. Jinsi mandhari yote yanayomzunguka yanavyokaa akiwa amesimama pale, jiwe liko wapi, mti unafika juu kiasi gani, wapi pana pengo la anga, wapi pamezibwa. Haangalii kitu kimoja kimoja kama sisi tunaposema kata kona kwenye duka, anabeba picha nzima, na anaielewa zaidi ule mstari ambapo vitu vinaishia na anga kuanza.

Kule katikati ya Australia Paul Graham na Ken Cheng waliandika mwaka 2009 kuhusu sisimizi mwekundu wa kule. Walipima mstari wa anga unavyoonekana kutoka sehemu ya chakula, wakautengeneza upya kwa kitambaa cheusi, hakuna miti, hakuna majani, ni umbo tu la vilima na mabonde ya kitambaa, na sisimizi wakalifuata umbo lile kana kwamba ndo kwao. Sasa wewe umetoa vichanja viwili vilivyokuwa wazi, mtu anaona anga katikati yake, ukaweka ukuta wa viroba na turubai mrefu kukupita. Kwetu sisi ni rundo la viroba. Kwa sisimizi mwenye jicho lililo nusu sentimita juu ya mchanga umehamisha mlima.

Na kuhusu yule wa kinyumenyume. Mwaka 2017 kuna utafiti ulitoka, uliofanyika Hispania, waliwapa sisimizi vipande vya biskuti, vidogo na vikubwa. Wa kipande kidogo anabeba anatembea mbele, wa kipande kikubwa anavuta kinyumenyume. Wale wa kinyumenyume hawakuweza kuitumia picha ya njia kwa sababu picha waliijifunza wakiwa wanatazama mbele, ukiiangalia kwa nyuma hailingani. Wanafanyaje? Hichohicho ulichokiona. Anaachia, anageuka, anachungulia, anapata upande, anarudi kuvuta, na akiwa anavuta anaushikilia ule upande kwa kutumia anga. Walipohamisha jua kwa kioo akiwa anavuta kinyumenyume, akapinda. Kwa hiyo Ngosha, hakuwa anapumzika.

Mama, ukitaka kuhakikisha mwenyewe kuna majaribio mawili hayahitaji hela. Fagia ile njia yao yote, mchanga wa juu utoke, uone kama watapotea. Kama ni harufu lazima wahangaike. Alafu mkamate mmoja anayerudi na chakula akiwa amebakiza kidogo sana kuingia tundu, hapo hesabu yake ya hatua imekwisha, kwake yeye ameshafika. Mfunike kwenye kopo asione kitu, mrudishe katikati ya njia yake ileile umwachie. Na mwingine mfanyie vilevile ila umpeleke nyuma ya jiwe ambako hawaendi. Utuambie.

---

Karabai_wa_Ukara

Mimi sijasoma baiolojia lakini hili la sura ya mahali naomba nichangie kama mvuvi maana nimeishi nalo.

Sisi wa dagaa tunarudi alfajiri. Ukiwa ziwani huko nje nchi kavu ni mstari mweusi tu chini ya anga, huoni nyumba, huoni watu, hata mwalo wenyewe huuoni. Unachokijua ni jinsi vilima vinavyokaa, kwamba kile kirefu kiwe kushoto na kile chenye mgongo kama wa ng'ombe kimfunike nusu, na kati yao pawe na mwanya, ukiona mwanya umefumba umeteleza sana upande mmoja, unasukuma kasia mpaka ufunguke. Hakuna aliyenifundisha kwa kunichorea. Baba alinibeba tu kwenye mtumbwi kila siku mpaka siku moja nikajikuta najua.

Na nina tukio, mwaka fulani upepo ulitupeleka vibaya usiku tukalala kisiwani, kesho yake tukarudi mchana kweupe ila tunatokea upande ambao huwa hatutokei. Nawaambieni mwalo wetu wenyewe tuliuona hatukuujua. Vilima ni vilevile, viko palepale, lakini kutokea upande ule vimepangana vingine, mrefu yuko nyuma, mwenye mgongo hana mgongo. Tulikuwa wanne kwenye mtumbwi na wote tunabishana. Tulipozunguka mpaka tukaingia kwenye njia yetu ya kila siku, ghafla kila mtu akasema ah, ndo hapa. Hakuna kilichobadilika nchi kavu, ni sisi tu tulifika mahali ambapo picha ya kichwani na ya machoni zimelalana.

Mwalimu aliposema sisimizi wa kinyumenyume picha haimlingani nimemwelewa palepale.

---

Dada_Kirumba

Jamani uzi mzuri sana, nauliza mawili tu. Mwalimu, sisimizi anaona vizuri kiasi gani mpaka abebe picha kichwani, na kichwa chenyewe ni kama punje ya uwele? Na mama Kulwa, unawazuiaje wasikumalizie dagaa, maana mimi nauza pale mwaloni na wananitesa.

---

MwlBios_Nyegezi

Dada, haoni vizuri hata kidogo, na hapo ndipo utamu ulipo. Jicho lake limeundwa na vijilenzi vidogovidogo, Cataglyphis ana karibu 1,000 kwa kila jicho na wengine wana pungufu ya hapo. Kamera ya simu yako ina mamilioni ya nukta. Kwa hiyo dunia yake ni ukungu, sura ya mtu haipo, jani halipo, kilichopo ni pande kubwa za giza na mwanga. Lakini fikiria, kama unataka kujua tu niko mahali palepale au sipo, ukungu unakusaidia. Jani likipepea, ndege akitua, mtu akipita, picha yenye ukungu haibadiliki sana. Kinachobadilika ni kitu kikubwa, kama rundo la mama Kulwa.

Kuhusu kichwa, kuna sehemu ya ubongo wa wadudu ina umbo la uyoga, moja kila upande, watu wa fani wanaita hivyohivyo, miili ya uyoga. Mwaka 2020 watafiti wa Uingereza waliwachoma dawa ya ganzi sehemu hiyo sisimizi wa msituni waliokuwa wameshafundishwa njia. Njia waliyojifunza kwa macho ikapotea, lakini tabia ya kuzaliwa nayo ya kuvutwa na kitu kikubwa cheusi ikabaki. Yaani macho yanafanya kazi, miguu inafanya kazi, kilichozimwa ni kumbukumbu. Na kumbukumbu yenyewe si ya dakika. Hesabu ya hatua inafutika baada ya siku chache, ila picha ya mahali sisimizi wa jangwani amekaa nayo siku 20 na bado anaitambua, wakati maisha yake ya kutoka nje kutafuta chakula kwa kawaida ni kama wiki moja tu kabla hajaliwa au kukaushwa na jua. Kwa hiyo anapojifunza kwao, anajifunza mpaka kufa.

---

MamaKulwa_Igombe

Dada Kirumba, miguu ya kichanja naiweka kwenye makopo yenye maji na oili chafu juu kidogo, hawapandi. Wanachookota hawa wangu ni kilichodondoka chini, na hicho siwanyimi.

Haya nimefanya. Siku tatu nzima, na Kulwa mwenyewe kanisaidia kushika kopo.

La kufagia kwanza. Nilisubiri mpaka viroba vimechukuliwa na gari, tukarudisha mirunda mipya palepale na vichanja vikasimama kama zamani. Asubuhi yake wakawa wanakwenda sawa kabisa, uzi ule ule. Nikachukua ufagio wa chelewa nikafagia kutoka karibu na tundu mpaka kichanjani, si kupapasa, nimefagia mpaka mchanga mbichi wa chini umetokea. Waliokuwa njiani walishtuka wakatawanyika, nadhani ni vumbi. Baada ya muda mfupi wanaotoka kichanjani na vipande wanarudi moja kwa moja juu ya mchanga mpya. Mmoja tu ndo alizunguka kidogo. Mdogo wangu Ngosha, hiyo harufu ingekuwa wapi?

Alafu la kopo. Niliwakamata wanane, nikimaliza mmoja namwekea alama ya chokaa mgongoni asirudiwe. Wanne niliwarudisha katikati ya njia yao. Ukimfungulia kopo anakaa, anageuka mwili mzima polepole kama mtu aliyeamshwa usingizini anauliza niko wapi, nusu zunguko, wakati mwingine zunguko zima, alafu ghafla anaondoka, na akiondoka ameondoka, mpaka kwenye tundu. Watatu kati ya wanne wamefanya hivyo, na kipande cha dagaa bado kiko mdomoni hawakukiachia. Wa nne aliingia chini ya jani nikampoteza. Wale wanne wa nyuma ya jiwe ilikuwa huruma. Wanazunguka, wanatoka kidogo, wanarudi pale nilipowaachia, wanatoka upande mwingine zaidi kidogo, wanarudi tena. Mmoja nimekaa naye mpaka kivuli cha jiwe kikahama, mwishoni nikamchukua mwenyewe nikampeleka kwake, roho iliniuma.

Na hapo nyuma ya jiwe si mbali jamani. Ni karibu zaidi na tundu kuliko kule katikati ya njia, hatua tatu tu ukizunguka. Lakini hapajui kwa upande huo, kama Karabai alivyosema mwalo wao hawakuujua.

Jana nikafanya la tatu ambalo mwalimu hakuniambia. Nilitundika kitenge kwenye kamba kati ya jiwe na mrunda, kikaziba upande mmoja wote wa anga, njia nimeiacha wazi. Wakachanganyikiwa vilevile kama ile Jumanne. Nikashusha kitenge, wakanyooka. Nikapandisha, wakachanganyikiwa. Nimefanya mara nne nikaacha maana niliona nawachosha.

---

Ngosha_Sengerema

Mayu nimekubali, kufagia kule kumenimaliza. Ila nauliza mwalimu, ile Jumanne walipotea, na kama viroba vingekaa pale miezi wangefanyaje, wangekufa wote?

---

MwlBios_Nyegezi

Hapana, wangejifunza upya. Mama Kulwa kazi yako ningeipeleka darasani leo hii, na ile kwamba aliyekaribu na tundu amepotea na aliye mbali amefika, hiyo ndo inayoonyesha wazi kwamba hawana ramani kichwani ya kuangalia kutoka juu, wana picha walizopiga wakiwa njiani.

Ngosha, sisimizi mpya anayetoka nje mara ya kwanza haendi kutafuta chakula. Anatoka anafanya vizunguko vidogo kuzunguka tundu, na katikati ya kutembea anasimama anageuka anaelekeza uso kwenye tundu lake, tena na tena, kutoka pande tofauti, na kila siku kizunguko kinakuwa kikubwa zaidi. Anapiga picha za kurudia. Na mazingira yakibadilika hata wazoefu wanarudia hivyo vizunguko, kuna sisimizi wa Namibia waliwekewa kitu kipya karibu na tundu, wakaanza kuzunguka na kuangalia upya kama wageni.

Na hili naomba nilimalizie maana nalipenda mno. Kule Tunisia kuna wale wanaoishi katikati ya uwanda wa chumvi, hakuna kilima, hakuna kichaka, ni bapa mpaka macho yanachoka. Mwaka 2023 ilionyeshwa kwamba hao wanajenga vichuguu virefu juu ya matundu yao kuliko wenzao wanaoishi pembezoni ambako kuna vichaka vya kuangalia. Watafiti wakabomoa vichuguu, wakaona wengi zaidi wanashindwa kurudi, na waliobaki wakaanza kujenga upya. Lakini walipobomoa na kuweka silinda nyeusi pembeni ya tundu, wengi hawakuhangaika kujenga. Kitu cha kuonekana kipo tayari.

Hata huku Afrika ya misitu, yule mweusi mkubwa anayenuka ukimkanyaga, Bert Hölldobler alionyesha mwaka 1980 kwamba anatumia mpangilio wa matawi juu ya kichwa chake. Alimwekea picha ya matawi juu, akaigeuza, na sisimizi akageuka nayo.

---

Karabai_wa_Ukara

Mwalimu hicho cha kichuguu kimenikumbusha kuna mwalo mmoja ni mchanga mtupu hauna jiwe, wazee walisimamisha nguzo mbili wakazifunga vitambaa ili watu waione kutoka majini. Tulikuwa tunasema wenzetu wamejitengenezea mlima.

---

MamaKulwa_Igombe

Giza limerudi, leo usiku mitumbwi inaingia na kesho nitakuwa na ndoo za kuanika mpaka shingoni, kwa hiyo sitakuwepo hapa kwa siku kadhaa.

Ila mwalimu, asubuhi hii kabla ya jua kuwa kali nimeona ulichosema. Kuna kirunda kimoja kifupi nilikichomeka jana karibu na tundu cha kufungia kamba ya turubai, nikakisahau. Alitoka mmoja hana chakula, haendi popote, anatembea kidogo kama urefu wa kidole, anasimama, anageuka anatazama tundu, anatembea tena kidogo kuelekea kile kirunda, anageuka anatazama tundu. Amezunguka hivyo upande wa kirunda tu, upande wa jiwe hakuhangaika nao. Baada ya hapo akaingia ndani.

Kamba nimehamishia kwingine, kirunda nimekiacha palepale.